Kichaka Kinaimba, Ndege Haonekani: Kutazama Ndege Katika Chaparali ya Torrey Pines

Mgeni anayefika Torrey Pines kwa mara ya kwanza, hifadhi ya jimbo la California iliyoko kaskazini mwa jiji la San Diego, huondoka na malalamiko yale yale: sauti kila upande, ndege hakuna. Ametembea saa mbili, amepiga picha za kunguru, na pengine kozi mmoja amempita juu kwa kasi. Ndege si wachache pale. Tatizo ni kwamba ameingia kichakani na mazoea ya ziwani au ya mbuga ya nyasi, ambako jicho ndilo linalotangulia. Kwenye chaparali mpangilio huo hugeuka: mmea kwanza, sauti ya pili, jicho la mwisho. Anayeshika mpangilio huo hupata ndege wengi akiwa amesimama mahali pamoja kuliko anayezunguka njia zote za hifadhi.

Chaparali ni neno lililotokana na Kihispania, lugha ambamo mwaloni mfupi wa kichakani huitwa "chaparro". Ni vichaka vigumu vya kimo cha mita 1 hadi 3 hivi, vyenye majani madogo mazito yasiyopukutika. Pwani hii hupata mvua kidogo, takriban milimita 250 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Machi. Miezi inayobaki ni mikavu. Mmea unaoishi hivyo hauwezi kupoteza jani ovyo, kwa hiyo hujifunga: matawi yanasukana juu, majani yanatengeneza paa, na chini yake panabaki uwazi wa kivuli wenye takataka za majani makavu. Aliyewahi kupenya vichaka vinavyoota juu ya mwamba wa matumbawe katika pwani ya Kenya au Tanzania ataitambua hali hiyo mara moja. Uwazi ule wa chini ndio ukumbi wa ndege. Wengi wao wana mabawa mafupi ya mviringo na mkia mrefu, umbo la ndege anayerukaruka tawi hadi tawi, na hawana sababu ya kutoka nje.

Kabla ya kuinua darubini, jua umesimama kwenye kichaka kipi. Watu wengi huita vichaka vyote vya pwani hii chaparali, na hapo ndipo wanapoanza kumtafuta ndege mahali asipokaa. Kuna aina mbili zinazopakana, mara nyingine kwa hatua chache tu. Ya kwanza ni chaparali yenyewe: humo utakuta Adenostoma fasciculatum, yenye vijani kama sindano fupi vilivyofungana mafungumafungu, mialoni ya kichakani, na Rhus integrifolia yenye majani mapana kama ngozi. Ya pili ni kichaka laini cha pwani. Kinafika kiunoni au kifuani, rangi yake ni ya kijivu, matawi yanapindika ukiyasukuma, na harufu yake ni kali. Mmea wake mkuu ni Artemisia californica, ukifuatana na Salvia mellifera na Eriogonum fasciculatum, ambayo maua yake hukauka kiangazi yakawa na rangi ya kutu. Hiki cha pili hupunguza majani yake wakati wa ukame, jambo ambalo chaparali haifanyi. Kipimo rahisi ni kupitisha kidole kwenye jani la pembeni mwa njia bila kulichuma, maana kuchuma chochote hifadhini ni marufuku, kisha kunusa. Kidole kikinuka, umesimama kwenye kichaka laini. Njia ya Broken Hill hupita katikati ya chaparali halisi, na ndiyo njia bora kwa kazi hii. Njia ya Guy Fleming, mzunguko wa takriban kilomita 1, ina mchanganyiko pamoja na ile misonobari ya Torrey ambayo kiasili haioti popote duniani isipokuwa hapa na kwenye kisiwa cha Santa Rosa.

Mwenyeji halisi wa chaparali ni rentiti (Chamaea fasciata). Ana urefu wa sentimita 15, nusu yake mkia, rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, na jicho lenye duara jeupe linalomfanya aonekane kama anakukazia macho. Ndugu zake wa karibu wako Asia; katika bara lote la Amerika hana mwenzake. Ni ndege wa kuanzia kwa sababu mbili. Huimba mwaka mzima, tofauti na wengi wanaonyamaza baada ya kulea. Tena dume na jike wote huimba, na unaweza kuwatofautisha bila kuwaona. Mwimbo wa dume ni kama gololi iliyoangushwa kwenye sakafu ya saruji: to... to... to.. to. to-to-tototrrr, mianguko ikikaribiana hadi inaungana. Jike hutoa mianguko ile ile, lakini hafiki mwisho. Midundo yake inabaki imeachana. Ukisikia ya kwanza kulia kwako na ya pili mita chache kutoka hapo, umepata jozi, na jozi ya rentiti hukaa pamoja miaka na miaka katika eneo lile lile.

Kumwona ni kazi ya subira. Rentiti hapendi kuvuka uwazi, na ndiyo maana njia pana haifai. Tafuta mahali njia inapobanwa, matawi ya upande huu na ule yakiwa karibu kugusana. Simama hatua 4 au 5 kutoka kwenye tundu hilo, jua likiwa mgongoni, na utazame kimo cha kati ya goti na kiuno. Wanaoanza hutazama juu, kwa kuwa wamezoea ndege wa mitini. Dakika 10 hadi 15 ndicho kipimo cha chini. Jozi inapojisogeza ikitafuta wadudu, mmoja atavuka kwa mruko mfupi wa chini, mkia ukining'inia. Usimfuate yule aliyevuka. Baki pale pale macho yakiwa kwenye tundu, maana wa pili yuko nyuma yake.

Sauti moja huwachanganya hata watu wenye uzoefu. Tauhi wa California (Melozone crissalis) naye ana mwimbo unaoanza taratibu na kuharakisha. Tofauti iko kwenye sauti yenyewe, kwa sababu mwendo unafanana. Ya rentiti ni mluzi uliojaa na unaobeba mbali. Ya tauhi ni ya chuma, kama sarafu inayogongwa kwenye bati, na akiwa haimbi hutoa mlio mmoja mmoja wa namna hiyo hiyo kwa muda mrefu. Ndugu yake tauhi madoa (Pipilo maculatus), mwenye kichwa cheusi, ubavu wa rangi ya kutu na jicho jekundu, hutoa mtetemo mmoja usiobadilika kasi. Anayeharakisha na anayekwenda sawa: ukiweza kutofautisha hayo mawili, nusu ya kelele za kichakani imekwisha kupata wenyewe.

Tauhi wanastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Kuku akichakura hutumia mguu mmoja, kisha mwingine. Tauhi hutumia yote miwili kwa pamoja: anaruka mbele kidogo, kisha anajivuta nyuma kwa nguvu, makucha yakifyagia majani, na kabla majani hayajatua ameshainamisha kichwa kutazama kilichofichuka. Mlio wake ni "kwach-kwach", mapigo mawili halafu kimya, kisha mawili tena. Mjusi akikimbia juu ya majani makavu hutoa mchakacho mmoja mrefu usio na mpangilio. Kwa hiyo mchakacho wa mapigo mawilimawili ni tauhi, na inafaa kuchuchumaa taratibu na kuchungulia chini ya paa la majani.

Katika uwazi huo huo hukaa thresha wa California (Toxostoma redivivum), na makosa ya utambuzi hutokea hapa kwa sababu yeye na tauhi wa California wote ni wa kahawia na wote wana rangi ya kutu chini ya shina la mkia. Tazama mdomo. Wa tauhi ni mfupi na mnene, wa kuvunjia mbegu. Wa thresha ni mrefu na umepinda kama mundu, naye hachakuri kwa miguu: hupiga mdomo kushoto na kulia akitawanya majani, kisha huchimba vishimo ardhini. Ana sentimita 30 hivi, hukimbia mkia ukiwa umeinuliwa, na huruka pale tu anapolazimika. Yeye ndiye anayevunja kanuni ya kujificha. Hasa kati ya Desemba na Mei, dume hupanda kwenye kilele cha kichaka asubuhi na kuimba mfululizo, waziwazi, akichanganya milio ya ndege wengine.

Mchanganyiko huo unaleta tatizo jipya kwa wanaotumia programu ya simu ya kutambua sauti, kama Merlin ya Cornell Lab of Ornithology. Thresha akiiga, simu huorodhesha ndege ambao hawapo. Ukiona majina manne au matano yanatokea kwa dakika moja kutoka upande mmoja, tafuta ndege mmoja mkubwa wa kahawia juu ya kichaka kabla ya kuandika lolote. Programu hiyo ni msaidizi mzuri wa kukuambia "sikiliza upande ule", lakini jina lililotoka kwenye simu peke yake lisiingie kwenye daftari.

Sasa kichaka laini, na ndege anayefanya watu wasafiri kutoka mbali: mdaka-usubi wa California (Polioptila californica). Ana takriban gramu 6, kupita kidogo karatasi moja ya A4 ya kuchapia. Hadi mwaka 1989 alihesabiwa kuwa aina moja na ndugu yake wa jangwani, ndipo wataalamu wakawatenganisha. Baada ya kutenganishwa ikaonekana wazi jinsi alivyobanwa: upande wa Marekani anaishi kwenye ukanda wa kichaka laini cha kusini mwa California, ardhi ile ile inayotafutwa kwa nyumba na barabara. Mwaka 1993 serikali ya Marekani ilimweka kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka, katika ngazi ya "aliyetishiwa".

Mlio wake ni kama wa kitoto cha paka: mnung'uniko wa pua unaopanda kidogo kisha kushuka, usiozidi sekunde moja hivi. Ukiusikia, angalia kwanza kama umesimama kwenye Artemisia. Kisha mshike kwa mkia. Mdaka-usubi mwingine, Polioptila caerulea, huja pwani hii hasa miezi ya baridi, naye ni mdogo, wa kijivu na mwenye mkia mrefu vilevile. Ukimtazama kutoka chini, mkia wa caerulea ni mweupe kwa sehemu kubwa. Wa californica ni mweusi wenye ukingo mwembamba mweupe. Kofia nyeusi ya dume husaidia kuanzia mwishoni mwa majira ya baridi hadi kiangazi, lakini nje ya hapo huivua na kubaki na mstari mfupi tu juu ya jicho. Anayesubiri kofia mwezi Novemba atamkosa ndege aliye mbele yake, kwa hiyo zoea kutazama mkia.

Hapa kuna katazo linalopaswa kusemwa bila kulainisha: usimchezee sauti yake kwenye simu. Watafiti wanaotumia sauti zilizorekodiwa kumtafuta ndege huyu hufanya hivyo kwa kibali cha serikali kuu. Sababu ni ya kibiolojia kabla ya kuwa ya kisheria. Dume anayesikia mpinzani huacha kiota na kuja kupambana na asiyekuwepo. Anapokuja hadharani akilalama, kunguru-buluu wa vichakani (Aphelocoma californica), ambaye hula mayai na makinda, huona wapi pa kutazama. Msimu wa kulea huenda kutoka katikati ya Februari hadi mwishoni mwa Agosti, yaani zaidi ya nusu ya mwaka. Hata ule mtindo wa kutoa "pshi-pshi-pshi" kwa mdomo, unaowavuta ndege wadogo kuja kuchungulia, uachwe katika miezi hiyo, na miezi mingine utumike kwa nusu dakika tu kisha basi.

Kuhusu darubini, namba mbili zilizoandikwa juu yake ndizo zinazoamua. 8x42 maana yake inakuza mara 8 na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 42. Ukigawa 42 kwa 8 unapata milimita 5.25, upana wa mwale wa mwanga unaofika kwenye jicho. Darubini ndogo ya 8x25 hukupa milimita 3 na kitu, na chini ya paa la majani tofauti hiyo ni kati ya kuona rangi na kuona kivuli. Wengi hununua ya kukuza mara 10 wakidhani wamepata zaidi. Kichakani ni hasara. Darubini ya mara 8 yenye uwanja wa mita 130 kwa umbali wa mita 1,000 inakuonyesha upana wa sentimita 65 tu ndege akiwa mita 5 kutoka kwako. Ya mara 10 yenye uwanja wa mita 110 inakubakizia sentimita 55, na inatikisika zaidi mkononi. Uliza pia umbali wa karibu kabisa inaoweza kuona vizuri. Ikiwa ni zaidi ya mita 3, thresha akitokea miguuni pako itabidi urudi nyuma.

Upana huo mdogo ndio unaoeleza kosa kubwa kuliko yote, yaani kupekua kichaka kwa darubini. Unatafuta kwenye duara la nusu mita, kati ya vijiti mia, kitu kinachohama. Tafuta kwa macho matupu. Ukiona tawi limetikisika, usiondoe macho hapo. Inua darubini hadi ikutane na macho. Kabla ya kufika, iwe imeshawekwa kwa umbali wa mita 6 au 7, ili urekebishaji uwe mdogo. Na macho yako mawili yawe yamesawazishwa nyumbani: ziba lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione kijiti vizuri, kisha ziba ya kushoto na uzungushe pete ya jicho la kulia peke yake hadi kijiti kile kile kionekane vizuri. Kumbuka alama pete iliposimama. Darubini nyingi zinazodaiwa kuwa mbovu hazikuwahi kufanyiwa hivyo. Mwisho wa siku lenzi zitakuwa na chumvi ya bahari. Dondoshea maji safi kwanza, kisha ndipo upanguse, maana chumvi kavu ikisuguliwa hukwaruza.

Milango ya hifadhi hufunguliwa saa 1:15 asubuhi, na hili linabadilisha hesabu ya majira. Mwezi Juni jua limechomoza tangu saa 11:40 alfajiri, kwa hiyo saa nzuri ya kwanza na zaidi imeshapita. Januari linachomoza saa 12:50, na unaingia karibu na kilele cha sauti, thresha akiwa ameanza kuimba na shomoro wenye taji la mistari myeupe na myeusi (Zonotrichia leucophrys) wakiwa wamekuja kutoka kaskazini. Mei na Juni zina fidia yao: wingu zito la baharini hufunika pwani asubuhi, joto huchelewa, na ndege huendelea kuimba hadi saa nne.

Kaa ndani ya njia. Katazo hilo linalinda mchanga unaomomonyoka, na linakulinda wewe pia. Kuna kupe, kuna nyoka mwenye njuga mkiani, na kuna Toxicodendron diversilobum, mmea wa vijani vitatu vitatu ambao ni wa ukoo mmoja na mwembe na mkorosho. Anayejua jinsi maji ya ganda la korosho yanavyounguza ngozi hahitaji maelezo mengine. Anayewashwa na utomvu wa embe ajihadhari zaidi. Mbwa hawaruhusiwi, na katika sehemu ya hifadhi iliyo juu ya genge kinachoruhusiwa kubebwa ni maji, chakula hapana.

Swali linalobaki ni kwa nini ndege hawa wapo Torrey Pines ilhali wametoweka kwenye makorongo mengi ya San Diego yenye vichaka vinavyofanana. Rentiti asiyevuka njia pana hawezi kuvuka mtaa wa nyumba. Kipande cha kichaka kikikatwa na barabara, jozi iliyokufa haina wa kuirithi, na kadiri miaka inavyopita tangu kipande kitengwe ndivyo aina zinavyopungua. Paka huongeza kasi. Mwaka 1999 wanabiolojia Kevin Crooks na Michael Soulé walichapisha utafiti wa vipande 28 vya vichaka vya eneo hili na kuonyesha kwamba pale koyoti, mbwa-mwitu wadogo wa Amerika, wanapotoweka, paka na wanyama wala-nyama wadogo huongezeka, na ndege wa kichakani hupungua. Kwa hiyo kinyesi cha koyoti njiani ni habari njema kwa mdaka-usubi. Moto nao una hesabu yake. Chaparali huungua na kuota tena, ikipewa miongo ya kutosha. Moto ukirudi baada ya miaka michache, vichaka vinavyotegemea mbegu huwa havijazaa za kutosha, na nyasi za kigeni hushika nafasi. Nyasi hizo hukauka mapema na kuungua kwa urahisi, na kichaka hakirudi.

Inapofika saa nne au saa tano upepo wa bahari huanza, majani yote yanachakacha, na kusikiliza kunakuwa bure. Usipigane nao. Nenda kwenye kingo za kutazamia baharini, njia ya Guy Fleming au Razor Point, kwa kuwa upepo uliokuharibia kichaka unagonga genge na kupanda juu, na ndege wanaupanda. Mwari wa kahawia hupita kwa mistari, kimo cha macho yako, bila kupiga bawa. Teleka wenye koo jeupe, ambao hukaa kwenye nyufa za genge, hukata hewa karibu kiasi cha kusikia mvumo wao. Kozi (Falco peregrinus), ndege yule yule anayeonekana pia Afrika Mashariki, hutaga kwenye majenge haya. Alikuwa karibu kupotea Marekani kwa sababu ya dawa ya kuua wadudu ya DDT, iliyopigwa marufuku mwaka 1972, na mwaka 1999 akaondolewa kwenye orodha ya shirikisho ya walio hatarini. Teleka wakikusanyika ghafla na kupanda juu kwa pamoja, geuka utazame nyuma yao. Na mtazame kutoka juu tu: jiwe la mchanga la genge hili hudondoka bila onyo, kwa hiyo ukishukia ufukweni tembea karibu na maji, mbali na ukuta.